Mshono Nilioufumua Ufukweni

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa karakana, mkasi mkubwa na aproni mbili. Nyinyi mafundi mliobaki mlinipa keki yenye jina langu, herufi moja imekosekana, nikaila hivyo hivyo. Mmoja wenu akaniomba niandike niliyoyaona tangu nilipoanza kushona maturubai na matanga hapa Likoni. Nikamjibu kwamba shule niliiacha darasa la saba. Akasema, "Bi Mwanahamisi, hatutaki insha, twataka kujua." Basi haya. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili, na kimoja nilipewa kwa sababu mwenyewe alikuwa likizoni. Mishahara mwaijua.

Niliingia karakana nikiwa na miaka kumi na sita. Baba alikuwa ametangulia, mama akamfuata kabla ya mwaka kutimia, na nyumbani tukabaki wanne. Mimi ndiye mkubwa. Mdogo kabisa, Riziki, ndiyo kwanza alikuwa anasimama dede. Shangazi alisikia kwamba kwenye barabara ya kwenda Shelly Beach pana fundi anayetaka mtu wa kupiga vitundu vya chuma kwenye maturubai. Nikaenda na viatu vya mama, vikubwa kidogo, nimevijaza gazeti mbele.

Fundi mwenyewe alikuwa Fundi Rajabu, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Hakunipa nyundo siku ile. Alinipa gunia la vipande vya nyuzi akaniambia, "Tenga pamba mbali, nailoni mbali."

Nikatenga kwa macho. Aliporudi alichota konzi moja kutoka fungu la pamba, akawasha kiberiti. Uzi wa kwanza ulishika moto ukawaka kama karatasi, ukaacha jivu laini. Wa pili ulijikunja, ukayeyuka, ukawa tone jeusi gumu.

"Huu nao ni pamba?"

"La, fundi."

"Macho ni ya kutafutia njia ya nyumbani. Hapa twachoma."

Wiki nzima nilichoma nyuzi. Vidole viliungua, nguo zikanuka moshi, jirani akamuuliza shangazi kama nimeanza kuuza mahindi. Lakini tangu wiki ile sikuwahi kuanza mshono wa kubeba uzito kabla ya kuchoma ncha mbili, uzi wa juu na uzi wa chini, yaani ule wa kwenye bobini, kigurudumu kidogo kinachokaa chini ya sindano. Sikuwahi, isipokuwa mara moja, na mara hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Fundi Rajabu hakusifu mtu. Mshono ukiisha aliukanyaga kwa mguu mmoja, akauvuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo imtoke. Mshono usipolia alisema, "Haya." Nilingoja "haya" ya kwanza miezi mitano. Alinifundisha kuvaa ngozi ya kiganja, ile yenye kichuma cha kusukumia sindano ya pembe tatu. Alinifundisha kupaka uzi nta mpaka uteleze bila kunata, na kuzungusha gurudumu la cherehani ile kubwa mara tatu kwa mkono kabla ya kukanyaga. Nyinyi mwadhani ile mizunguko mitatu ni mazoea ya wazee. Ikanyageni bila kuizungusha, kisha mje mniambie sindano imeruka upande gani.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi. Palikuwa na mahema ya harusi yaliyorudi yamechanwa, kila mwenye harusi akiapa kwamba yalitoka kwetu hivyo. Mtu mmoja wa Changamwe alituletea turubai la lori lililobeba papa mkavu, akakataa lioshwe kwa sababu alikuwa na haraka. Kwa siku tatu paka wote wa Likoni walikuwa wateja wetu. Na palikuwa na matanga ya zile mashua za mapumziko tunazoziita yoti. Hayo yalikuwa mapenzi yangu. Tanga likishonwa vibaya halikuambii papo hapo. Lanyamaza mpaka liko mbali na pwani.

Nyumbani nako nilikuwa fundi wa namna nyingine. Kijana wa miaka kumi na sita akiwa kichwa cha nyumba, wadogo zake hutazama uso wake kila asubuhi wajue kama siku itakuwa salama. Nikajifunza kuuweka uso. Wali ukiungua nilisema nimeupika hivyo makusudi. Nikipotea njia nilisema tunazunguka kwa sababu nataka wapunge upepo. Wakakua wakiamini kwamba dada yao hakosei. Nami, kwa kulirudia sana, nusu nikaliamini. Wote watatu walisoma. Riziki akawa mwalimu wa shule ya msingi, na siku alipopata kazi nilishona mapazia ya nyumba nzima kwa furaha.

Sasa nije kwenye wiki yangu ya mwisho.

Nahodha Swaleh mwamjua, mwenye ile yoti ya matanga meupe ninayoishonea tangu akiwa na nywele. Alikuja akasema hawezi kuniaga kwa keki. Nimshonee kiti kimoja, kisha nimchukue mtu mmoja wa kwetu, tutoke naye safari ya siku tatu kusini. Nikamchagua Riziki. Pamoja nasi angekuwamo kijana mmoja wa bara, Kiprono, anayerusha watu kwa ile parachuti ya watu wawili, yeye na abiria mmoja. Kiti chenyewe kilikuwa cha abiria wake, kile cha mikanda kinachomning'iniza mtu chini ya kitambaa. Panya alikuwa ametafuna mshono wa mkanda wa paja kikiwa stoo, na kiti kingine Kiprono alikiacha kwao bara.

Siku kiti kilipoletwa nilikuwa kwenye cherehani nashona pazia la upande wa wanawake wa madrasa yetu. Pazia ni pamba, na uzi wake pamba nyeusi. Nikaliweka kando, nikatoa uzi wa juu, nikatia nailoni nyeusi, nikachoma ncha yake, nikaona tone. Nikainama kutoa bobini.

"Hodi!"

Alikuwa Bi Mkubwa wa madrasa, kaja kuniaga. Nikainuka. Nyinyi mwajua hapa kwetu salamu haikatwi katikati.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani?"

"Alhamdulillahi."

"Na nyumbani, wote wazima?"

"Wazima, twashukuru."

"Na lile goti?"

"Lavumilia."

"Na Riziki? Na wanawe?"

Tukapitia goti, wana wa Riziki, mvua, na mume wa jirani yake aliyelazwa na kutoka. Alipoondoka nikakaa, nikaona uzi wa juu uko tayari na umeshachomwa, nikazungusha gurudumu mara tatu, nikashona. Mishono minne ya kwenda na kurudi, imepangika kama meno ya kitana. Nikaukanyaga, nikauvuta. Haukulia. Nikasema "haya" mwenyewe.

Tulitoka alfajiri, tukapita nje ya Shelly Beach, tukashika kusini. Riziki alitapika mpaka Tiwi, kisha akaamka mtu mpya, akala samaki wa watu wawili. Siku ya pili tulitia nanga ndani ya mwamba wa matumbawe, mbele ya ufuko mpana wenye mivinje. Palikuwa na wageni wengine wanne, na boti ndogo yenye winchi, ambayo ingemvuta Kiprono na abiria wake kwa kamba mpaka wafike juu, kisha waiachie kamba wapae wenyewe.

Kiprono alitandaza bawa lake mchangani.

"Mathe, usiogope," akaniambia. "Hii kitu ni safe kuliko boda."

"Mathe ndiyo nani? Niite mama au niite Bi Mwanahamisi. Na mimi boda sipandi."

"Sawa, mama. Na hii si parachuti. Parachuti ni ya kuanguka. Hili ni bawa."

Riziki ndiye aliyeomba kuwa wa kwanza. Alivaa suruali, akafunga mtandio kwa pini nne, akavaa kofia ngumu juu yake. Nahodha Swaleh aliwaambia wageni kwa sauti, "Kiti hiki kashona Bi Mwanahamisi. Miaka arubaini na zaidi, mshono wake haujarudi." Wakanipigia makofi. Nikainamisha kichwa kama mtu asiyependa kusifiwa.

Kiprono akamfunga mikanda mitatu, mmoja wa kifua na miwili ya mapaja. "Hii ndiyo imekushika," akamwambia. "Bila hii wewe ni embe." Riziki akacheka, akageuka kunipungia mkono, na mkanda wa paja la kulia ukapinduka kidogo juani.

Nailoni hung'aa. Hata ikiwa nyeusi, juani ina mng'aro kama nywele zilizopakwa mafuta. Upande wa juu wa mshono wangu uling'aa. Upande wa chini ulikuwa mweusi wa kufifia, mweusi wa pazia.

Kila kitu kilinijia kwa mpango wake: hodi, goti, wana wa Riziki, mvua. Sikuona mahali nilipotoa bobini. Na wakati huohuo sauti nyingine ikaniambia kwamba ni chumvi tu, ni kivuli, mshono uliukanyaga na kuuvuta mwenyewe na haukulia. Wageni wametazama, nahodha ameshakusifu, leo ni siku ya kuagwa. Wanangu, sauti ile ilikuwa tamu. Ilikuwa inajua jina langu.

Injini ya boti ikanguruma. Kamba ikaanza kunyooka mchangani.

"Simameni!" nikapiga kelele. "Kiprono, simama! Mfungue!"

Kamba ikalegea. Riziki alinitazama, na niliona uso wake ukibadilika kutoka furaha kwenda kwenye jambo ambalo amelibeba miaka mingi.

"Hata leo, dada?" akasema. "Nina miaka arubaini na mitano. Nina mtoto anayenyoa ndevu. Na bado wanishika mkono kuvuka barabara!"

"Riziki, sikia..."

"Sisikii! Kuogelea, nitazama. Baiskeli, nitavunjika. Sasa nataka kuruka mara moja maishani, nako wanifungulia mikanda mbele ya watu?"

"Si wewe," nikasema. "Ni mimi. Nimekosea."

Mimi mwenyewe nililitazama neno lile lililonitoka kama mtu aliyeona ndege asiyemjua ametua kwake.

"Umekosea nini?" Riziki akauliza taratibu.

"Uzi wa chini nadhani ni wa pazia. Sina hakika. Ndiyo maana hupandi."

Kiprono alimfungua mikanda yote mitatu, akaniletea kiti mikononi. Nilikaa chini ya mvinje, nikafumua pindo la mshono kwa ncha ya kisu, nikavuta kipande kidogo cha uzi wa chini. Nahodha akanipa kiberiti chake cha gesi. Uzi ukashika moto ukawaka, ukatoa harufu ya karatasi. Nikausugua kati ya vidole, ukawa jivu laini.

Hapakuwa na la kubishana. Jivu lile lilikuwa vidoleni mwangu, na watu saba wananitazama.

"Ungekatika?" Riziki akauliza.

Kiprono ndiye aliyejibu. "Labda leo hapana. Labda ukiwa juu, ukikaa vibaya, ndiyo. Mimi siwezi kupeleka mtu juu na labda."

Nilimwomba nahodha mfuko wangu wa kazi uliokuwa ndani ya yoti. Nilikuwa nimeuchukua kwa mazoea tu, maana mtu hawezi kuacha mfuko wake nyumbani kwa sababu ya keki. Nikafumua mshono wote, kila uzi, nikavitoa vipande kwa kucha. Nikachoma nailoni mpya, ncha mbili, na safari hii Riziki ndiye aliyewasha kiberiti. Kisha nikavaa ngozi ya kiganja nikashona kwa mkono, sindano mbili, moja yaingia na nyingine yatoka tundu lilelile, nikikaza kila hatua mpaka uzi uzame katika mkanda. Ilichukua karibu saa moja na nusu. Wageni walikwenda kuogelea. Hakuna aliyenipigia makofi, na sijawahi kushona nikiwa mwepesi wa moyo namna ile. Aibu ilikuwa imeshapita, kama meno yanayong'olewa: la kuogopwa ni kabla.

Kiprono alikitundika kiti kwenye tawi nene la mvinje, wakaning'inia yeye na nahodha pamoja, wakarukaruka. Tawi lililia. Mshono haukulia.

"Haya, Riziki," Kiprono akasema.

"La," nikasema. "Kwanza mimi."

"Mama, si ulisema hata boda hupandi?"

"Boda sikuishona mimi."

Riziki alinivalisha suruali yake ya akiba, tukakusanya dera langu tukalichomeka ndani mpaka nikavimba kiunoni kama gunia la makaa. Nahodha alitazama bahari kwa adabu. Kiprono akanifunga mikanda, akajifunga nyuma yangu, akaniambia nitakapoambiwa kukimbia nikimbie, nisikae.

"Goti langu..."

"Goti liambie ni hatua tano tu."

Nikasema Bismillahi. Kamba ikavuta. Nikakimbia hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne haikukuta mchanga.

Sitawadanganya kwamba nilitazama mandhari. Nilipeleka kidole gumba kwenye paja la kulia nikakiweka juu ya mshono, nikausikiliza kwa ngozi. Tulikuwa tunapanda, na uzito wangu wote, na wa dera langu, ulikuwa umekaa juu ya nyuzi zile. Hazikusogea hata unywele. Kiprono akaachia kamba, na kelele zote zikabaki chini pamoja na boti.

"Mama," akaniambia sikioni, "mbona umeshika mkanda? Tazama bahari."

"Bahari haina makosa yangu."

Alicheka mpaka bawa likayumba, nikamwomba asicheke tena. Kisha nikainua macho. Maji ndani ya mwamba yalikuwa rangi ya chupa, na nje ya mwamba yakawa rangi ya wino, na mpaka wa rangi hizo mbili ulikuwa umenyooka kama mstari wa chaki ya fundi. Yoti ilikuwa ndogo, na tanga nililolishona miaka minane nyuma limekunjwa juu yake kama leso. Kaskazini mbali, katika ukungu, niliona makreni ya bandari, na upande wake wa huku Likoni yetu, bapa, ya kijani, inatosha kufunikwa kwa kiganja. Nikakitoa kidole gumba kwenye mkanda. Nilikitoa bila kuambiwa na mtu.

Tulitua kwa kukaa. Nilibaki mchangani nacheka na kulia, na nahodha akaniletea maji. Nikaukagua mshono mara nyingine, nje na ndani, nikausogelea kwa macho mpaka pua ikagusa. Ndipo nikamwambia Riziki, "Njoo."

Zile dakika za Riziki angani zilikuwa ndefu kuliko zangu. Lakini hofu niliyokuwa nayo ilikuwa ya kawaida, ile hofu ya mtu kumpenda mtu. Haikuwa ile nyingine. Nilimwona mdogo kama tiara ya karatasi juu ya mivinje, nikasikia anapiga vigelegele, na mgeni mmoja akaniuliza kama yuko sawa. Nikamwambia huyo ni mwalimu, hiyo ndiyo sauti yake ya kawaida.

Aliposhuka, Kiprono alijifungua akaenda kukunja bawa. Riziki alibaki amekaa mchangani ndani ya kiti, kofia imempinda, pini mbili zimepotea. Nikakaa karibu naye.

"Dada."

"Abee."

"Mimi nilidhani wewe hukosei."

"Nami nilidhani mlishanigundua."

"Kina nani? Tulikuogopa kama mtihani." Akachota mchanga akaumwaga. "Nina jambo. Nimeacha kufundisha. Tangu muhula uliopita. Sikutaka tena, dada, kila asubuhi kifua kilinibana. Sikuweza kukwambia. Natoka na mkoba kama kawaida, nikipita kwako nakwambia nachelewa shule, kisha naenda kukaa kwa rafiki yangu kule Chaani mpaka saa tisa."

Mwanipata? Niliiacha shule ili huyu asome. Asubuhi ya siku ileile, kabla ya mambo haya, ningemkemea mpaka wavuvi wa Msambweni wasikie. Nililitafuta lile karipio ndani yangu, lilikokaa miaka yote, nikakuta pana nafasi tu na upepo.

"Na mkobani huwa mna nini?" nikauliza.

"Wali wa mchana," akasema. "Na vitabu viwili, uwe mzito ukiushika."

Nikacheka, naye akaanza kucheka, kisha akaanza kulia, mkono umeshika mkanda wa paja kama nilivyoushika mimi kule juu. Nikamwambia aufungue kwanza ule mkanda, damu ipite mguuni, kisha anieleze yote tangu mwanzo, taratibu, maana yoti haitang'oa nanga mpaka maji yajae.